Naambiwa sijui kufunga mizigo, na safari ya wiki sita inakuja

Shikamoo mama mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka kabla hata safari haijaanza. Baada ya miezi miwili mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka tisa tutasafiri kwa wiki sita. Tunaanza na ndege, halafu treni, halafu mabasi, kisha ndege tena wakati wa kurudi. Wiki za mwanzo tutakuwa pwani kwenye joto kali. Za mwisho tutakuwa milimani kwenye baridi, ambako shemeji yangu anafunga ndoa na sisi ni wageni wa heshima.

Kinachonikosesha usingizi ni mizigo. Kila tukisafiri natoka na sanduku kubwa la magurudumu lenye zaidi ya kilo 25, na kila tukisafiri tunagombana. Safari iliyopita tulitozwa kwa uzito uliozidi. Ikabidi nilifungue sanduku sakafuni mbele ya foleni nzima, nipunguze vitu, nguo zangu za ndani zikiwa wazi watu wanatazama. Tulipofika, sanduku lenyewe halikufika. Lilikuja siku ya tatu. Mtoto ana pumu, na pampu yake ya akiba ilikuwa humo ndani. Ile aliyokuwa nayo mfukoni ikaisha usiku, tukaanza kuhangaika kutafuta nyingine katika mji tusioujua.

Mume wangu hubeba begi dogo la mgongoni, basi. Hupanda ngazi za stesheni huku anapiga mluzi, mimi niko nyuma navuta sanduku ngazi moja moja mpaka bega linauma. Huwaambia watu, "Mke wangu hasafiri, anahama." Watu hucheka. Mimi hunyamaza, lakini inaniuma.

Nimekuandikia hapa vitu nilivyobeba safari iliyopita ili uone mwenyewe. Magauni manane, jinzi tatu, suruali mbili, blauzi kumi, sweta mbili na koti zito la sufu. Viatu vyangu jozi nne, na viatu vya mazoezi vya mume wangu kwa kuwa haviingii kwenye begi lake. Jaketi lake. Kompyuta pakato yake na chaja yake. Vifaa vyake vya kunyolea. Nguo zote za mtoto, vitabu vyake vinne, mpira wake. Mataulo matatu makubwa. Pasi ndogo na mashine ya kukaushia nywele. Chupa kubwa ya mafuta ya mwili, shampuu, sabuni ya maji. Dawa zetu sote. Waya za simu za kila mtu. Mwavuli. Na vitu vya "labda", kama vile nguo ya kuogelea ya pili, kofia ya pili na mkoba wa mtoko.

Nataka safari hii niende na begi moja la mkononi, lakini sioni wiki sita za joto na baridi zitaingiaje humo. Na ile nguo ya harusi je? Na mume wangu nimwambie nini?

Ni mimi mwanao, niliyelemewa.

JIBU

Marahaba mwanangu.

Orodha yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, nikiweka alama kwenye kila kitu kilicho chako wewe peke yako. Nilipomaliza nikarudi kutazama visivyo na alama. Viatu vya mazoezi vya mume wako. Jaketi lake, kompyuta yake, chaja yake, vifaa vyake vya kunyolea. Nguo zote za mtoto, vitabu, mpira. Taulo la kila mmoja. Dawa za nyumba nzima. Waya za simu za kila mtu. Sehemu kubwa ya sanduku hilo si yako. Mume wako anapanda ngazi akipiga mluzi kwa sababu vitu vyake vinapanda ngazi hizo hizo mkononi mwako, na hilo hakuna aliyelisema mpaka leo, pengine hata yeye hajawahi kuliona.

Kwa hiyo sitaanza na idadi ya blauzi. Ukipunguza nguo zako bila kwanza kugawa mzigo, nafasi utakayoifungua itajazwa na vitu vya wengine kabla hujafunga zipu, nawe utafika na kilo zile zile huku huna cha kuvaa.

Fanya hivi. Mwezi mmoja kabla ya safari, jioni moja ambayo hakuna mwenye haraka, wekeni mabegi matatu sakafuni, moja la kila mtu, na mizani ya kupimia uzito wa mwili karibu yake. Kila mmoja alete vitu vyake mwenyewe na aviweke mbele ya begi lake. Usimletee mume wako viatu vyake; aende akavichukue. Kisha kila mmoja apime: unasimama kwenye mizani ukiwa umebeba begi, unasimama tena bila begi, unatoa. Akiona kompyuta na chaja yake peke yake vinakaribia kilo mbili, na viatu vya mazoezi vinakaribia kilo nzima, hutahitaji kumhutubia.

Lakini kuhusu ile kauli ya kuhama, mizani haitakusemea. Hiyo mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, si mbele ya mtoto wala kaunta ya uwanja wa ndege. Mwambie maneno machache: "Ukisema vile mbele za watu naumia, na vitu nilivyokuwa nabeba vilikuwa vyetu sote." Ukishayasema, nyamaza, umpe nafasi ajibu. Usiongeze mashtaka ya safari zilizopita. Naamini mtu aliyekuoa na kukaa nawe miaka yote hiyo hafurahii kukuumiza. Amezoea tu mzaha ambao haujawahi kujibiwa.

Mtoto naye apewe begi lake. Miaka tisa ni umri wa kubeba nguo zake, mradi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wake. Akiwa na kilo 28, begi lake lisipite kilo 2.8 pamoja na chupa ya maji. Nguo za mtoto ni ndogo, zitatosha humo. Na kwa kuwa ana tiketi na kiti chake, mashirika mengi humhesabia haki ya mzigo kama abiria mwingine yeyote. Vitabu vinne achague kimoja. Mpira utolewe upepo. Ukiwa bapa unakaa chini ya nguo bila kuonekana.

Sasa tuje kwenye begi lako. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 7 za mzigo wa mkononi, mengine 8 au 10, na vipimo vya kawaida huwa karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20 na kitu. Tazama tiketi ya kila shirika mtakalopanda, kisha mfuate lile lenye masharti makali kuliko yote. Kumbuka pia kwamba magurudumu na mshikio huhesabiwa katika vipimo. Na hapa ndipo sanduku la magurudumu linapoanza kukuibia: sanduku dogo gumu huwa na kilo mbili na nusu hadi tatu likiwa tupu. Umekwisha kutumia karibu nusu ya kilo saba kabla hujaweka hata kitambaa. Begi la mgongoni la lita 35 hadi 40 lenye mkanda wa kiunoni lina kilo moja na kidogo tu, na ule mkanda huhamishia uzito nyongani ukaliacha bega lako lipumzike. Kwa mtu mwenye treni, mabasi na ngazi mbele yake, mimi ningechagua la mgongoni bila kufikiri mara mbili. Kama daktari amekukataza kubeba kitu mgongoni, hapo magurudumu yana haki yake, lakini chagua la kitambaa chepesi.

Wiki sita zitaingiaje? Haziingii, mwanangu, wala usijaribu kuziingiza. Unafunga begi la siku tano, halafu unafua. Begi la wiki moja na begi la wiki sita ni begi lile lile. Kinachobadilika ni mara ngapi utashika sabuni. Wengi hulisikia hili wakaliona ni taabu, kwa hiyo ngoja nikueleze linavyofanyika, maana likifanywa vizuri halimalizi dakika kumi.

Unaporudi jioni, kabla hujaoga, ziba sinki, jaza maji ya uvuguvugu, tia sabuni kidogo, tumbukiza fulana uliyovaa, nguo za ndani na soksi, ziache humo unapooga. Ukitoka zisugue penye kwapa na kola, zisuuze mpaka maji yatoke meupe, kisha zikamue kwa kuzibana, si kwa kuzisokota, maana kusokota hukata mpira wa kiunoni. Sasa chukua taulo kavu la hapo mlipofikia, litandaze kitandani au sakafuni, laza nguo juu yake bila kukunja, na uviringishe taulo pamoja na nguo kuanzia mwisho mmoja kama mkeka. Lile furushi lipigie magoti, ulikanyage kuanzia huku mpaka kule. Ukilifungua utakuta taulo limelowa na nguo ina unyevu tu. Itundike mahali penye upepo, karibu na dirisha au mbele ya feni, si bafuni ambako mvuke wa kuoga bado umejaa. Kwa kitambaa chepesi, asubuhi utaikuta kavu.

Kitambaa ndicho kinachoamua. Pamba nene hunywa maji na kuyashika. Jinzi inaweza kukaa siku mbili bado ina ubichi mfukoni na kwenye mishono, na kavu yenyewe ina zaidi ya nusu kilo. Acha zote tatu. Poliesta na nailoni nyembamba hukauka upesi ila hushika harufu ya jasho, kwa hiyo zifuliwe kila zinapovaliwa. Sufu nyembamba ya kondoo wa merino huchelewa kidogo kukauka lakini huvaliwa siku kadhaa bila kunuka, na hufaa kwenye joto na kwenye baridi. Bei yake iko juu. Ukiweza kupata moja tu, ifanye fulana ya ndani ya kule milimani. Pamba nyembamba iliyochanganywa na poliesta ni ya wastani na inatosha kabisa.

Tena, ufue jioni ya kwanza mnapofika mahali mtakapolala zaidi ya usiku mmoja. Kamwe usifue usiku wa kuamkia safari, usije ukapakia nguo mbichi ikachachia begini.

Lingine hapa, na nalisema kwa sababu ya lile la kwanza: usije ukawa umeacha kubeba sanduku la watu watatu ukaanza kufua sinki la watu watatu. Mume wako afue zake. Mtoto wa miaka tisa anaweza kufua soksi na chupi zake, na wengi huona ni mchezo wakionyeshwa lile taulo la kukanyaga. Mara moja kwa wiki tafuteni mahali pa kufulia kwa mashine, mtie nguo za wote pamoja, mlipie, mkae msome wakati inazunguka.

Nguo zenyewe basi. Fulana au blauzi nne, moja ukiwa umeivaa. Suruali mbili nyepesi, moja ukiwa umeivaa. Gauni moja, nalo ni la harusi, nitalirudia. Chupi tano, sidiria mbili, soksi jozi tatu, nguo ya kulalia, nguo moja ya kuogelea, sweta moja nyembamba, jaketi moja jepesi lisilopitisha upepo wala mvua, mtandio mmoja mpana. Chagua rangi ambazo kila blauzi inakwenda na kila suruali. Ukiwa na moja inayodai suruali yake peke yake, hiyo ibaki nyumbani hata kama unaipenda. Mwavuli utabaki nyumbani kwa sababu ya jaketi. Mtandio utajifunika nao kwenye ndege, utajitanda kwenye jua, utaukunja uwe mto ndani ya basi. Mataulo makubwa yote matatu acha; kama kuna mahali hapatoi taulo, kila mmoja achukue moja jembamba la kukauka haraka.

Viatu ni jozi mbili tu. Vilivyo vizito unavaa siku ya safari, vyepesi, yaani sandali, vinaingia begini. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu kiatu hakikunjiki na jozi moja hula nafasi ya fulana nne.

Koti la sufu usilibebe. Najua milima inakutisha, lakini kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, si unene wa nguo moja. Fulana inayobana mwili, juu yake blauzi, juu yake sweta, juu yake lile jaketi la kuzuia upepo, na mtandio shingoni: hizo tano zitakufikisha kwenye baridi kali kuliko unavyodhani, nawe pwani utazitumia moja moja. Siku ya ndege vaa sweta na jaketi, mzani hauzipimi zikiwa mwilini. Ikiwa mnakokwenda kuna barafu kweli, shemeji yako ni mwenyeji wa huko. Mpigie simu mapema mumuombe makoti ya kuazima. Bwana harusi hawezi kukosa ndugu mwenye koti la ziada.

Pasi na mashine ya kukaushia nywele ziondoe bila huruma. Sehemu nyingi za kulala wageni huwa nazo. Isitoshe kuna suala la umeme: nchi nyingine hutumia volti 110 hadi 120, nyingine 220 hadi 240, na ile adapta ya plagi hubadilisha umbo la meno tu, haibadilishi volti. Chaja ya simu au kompyuta ukiisoma mgongoni utakuta imeandikwa 100–240V, hiyo haina shida popote. Mashine ya nywele mara nyingi imetengenezwa kwa volti moja, na ukiichomeka kwenye umeme wa juu kuliko wake inaungua. Waya za simu nazo, chaja moja yenye matundu matatu inawatosha nyote.

Vya majimaji ujipange vizuri, kwa kuwa begi litaingia nawe ndani ya ndege. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikitoka Uingereza kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi hukataa chombo kinachozidi mililita 100, na vyombo vyote sharti vienee kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaopitisha mwanga, wa lita moja. Chombo ndicho kinachopimwa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo itachukuliwa. Viwanja vingine vimepata mashine mpya na vimelegeza, lakini uwanja mnaoondokea na ule mnaorudia huenda si sawa, kwa hiyo fuata sheria ya zamani. Njia nyepesi zaidi ni kuyakimbia majimaji: sabuni ya kipande, shampuu ya kipande, mafuta ya mwili ya mgando kidogo kwenye kikopo. Mafuta ya mgando na dawa ya meno huhesabiwa kama majimaji, usisahau. Yakiisha nunua hukohuko. Hakuna mahali watu wanaishi wasipake mafuta wala wasipige mswaki.

Kama mna ile betri ya akiba ya kuchajia simu, hairuhusiwi kwenye mizigo mnayokabidhi kaunta ikawekwa chini ya ndege. Betri za lithiamu zinaweza kushika moto, na moto ukitokea ndani mnamokaa abiria, wahudumu wanauona na kuuzima. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri. Ukitaka kujua yako, chukua ile namba ya mAh iliyoandikwa kwenye betri, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: ya 20,000 inatoka 74, nayo inapita. Ila angalia jambo hili: ndege ikijaa, mlangoni wanaweza kukuambia begi lako la mkononi liende chini. Kabla hujalitoa, chomoa betri, dawa, pasipoti na pesa. Viweke vyote kwenye kimfuko kimoja tangu nyumbani ili uvitoe kwa mkupuo.

Dawa ya mtoto ndiyo iliyonisikitisha kuliko vyote katika barua yako. Pampu ya pumu isikae tena katika mzigo mnaoweza kutenganishwa nao, hata kwa saa moja. Chukueni zaidi ya moja na mzitenganishe: moja mfukoni mwako, nyingine kwa baba yake, na nyingine ndani ya begi la mtoto, naye ajue ilipo. Dawa zikae kwenye maboksi yake ya awali pamoja na nakala ya karatasi ya daktari yenye jina halisi la dawa, si jina la biashara pekee, kwa sababu majina ya biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na mfamasia wa ugenini atalitambua lile la dawa yenyewe. Dawa za lazima kwa kawaida huruhusiwa hata zikizidi mililita 100, mradi uzionyeshe kwenye ukaguzi. Kama kati yenu kuna anayetumia dawa kali ya maumivu au ya usingizi, ulizieni ubalozi wa nchi mnayokwenda, maana baadhi ya nchi huzizuia.

Kuhusu lile sanduku lililochelewa, ujue kwa siku nyingine, iwapo mtalazimika kukabidhi mzigo uende chini ya ndege. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu safari nyingi za ndege za kimataifa unampa abiria haki ya fidia kwa mzigo uliochelewa, kwa kiwango chenye kikomo. Ila andika taarifa kabla hujatoka uwanjani, tunza risiti za vitu vya lazima ulivyonunua, na ni lazima ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa mzigo. Ukiwa umeharibika, ni siku 7 tu. Watu wengi hupoteza haki yao kwa kungoja warudi nyumbani kwanza.

Vile vya "labda" sitavibishania kimoja kimoja. Kila kitu kiulize: nikikihitaji kweli, naweza kukipata huko ndani ya siku moja? Kofia, ndiyo. Mkoba wa mtoko, ndiyo, tena wa kuazima. Pampu ya pumu, miwani ya macho, kadi ya benki, pasipoti, hapana. Jibu la hapana ndilo linaloingia begini.

Nimejumlisha kwa makadirio. Begi kilo 1.3, nguo na sandali chini ya 3, vya kuogea nusu kilo na kitu, chaja na betri nusu kilo, dawa, hati na kitabu kimoja kama gramu 700. Hiyo ni karibu kilo sita. Kilo inayobaki iache ilivyo, usitafute cha kuijaza. Wiki moja kabla, livae begi likiwa limejaa kamili, utembee nalo nusu saa na upande nalo ngazi. Bega lako litakuambia mapema kama kuna kitu cha kutoa.

Na nguo ya harusi. Chagua gauni refu la kitambaa laini kinachoteleza, kisichokunjika, la rangi moja iliyokolea, unaloweza kulivaa pia jioni ya kawaida ukiwa na sandali. Liviringishe likiwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kwa sababu plastiki huacha kitambaa kiteleze badala ya kushika mikunjo, na uliweke juu ya vyote, lisikandamizwe na viatu. Usiku wa kuamkia harusi litundike bafuni wakati mnaoga maji ya moto, mlango ukiwa umefungwa, halafu ulitoe nje likauke. Yaliyobaki yaondoe kwa pasi ya wenyeji. Hadhi ya vazi itoke kwenye mtandio na hereni, ambavyo havina uzito. Viatu ndivyo vya kuamua sasa: ama zile sandali ziwe nzuri kiasi cha kusimama kwenye picha, ama umuulize wifi yako ana miguu ya namba ngapi. Mume wako naye atahitaji suti au shati la heshima. Hiyo aifunge mwenyewe, kwenye begi lake.